Inuka, Mhitimu, Panda Basi la Korogwe!

Wewe uliyevaa joho! Wewe uliyepigiwa vigelegele, ukavishwa shada, ukapigwa picha na mama aliyetoka Handeni amejifunga kanga mpya! Nakuuliza mbele ya cheti chako: umechora nini tangu siku ile?

Usiniambie unasubiri msukumo. Usiniambie unasubiri vifaa. Usiniambie chumba ni kidogo, mji una kelele, kichwa kimechoka. Karatasi iko mezani, nyeupe vilevile ulivyoinunua, na kila usiku unaizunguka kama usiyeiona.

Unajua pa kwenda! Ndiyo maana maneno haya yanakuchoma. Macho yako yalifunguka kwenye udongo mwekundu wa Handeni, kando ya Mto Pangani pale Korogwe, ndani ya treni, sokoni, shambani. Kila ulichokwenda kusomea ulianza kukiona huko. Halafu ukaondoka, ukajifunza kutazama, na hujarudi hata mara moja kutazama kwa jicho ulilofundishwa!

Unarudi Idi, unarudi Krismasi, unarudi msibani. Unakula, unalala, unaaga. Hujarudi bado.

Rudi! Rudi leo, rudi na penseli, rudi kabla mkono wako haujawa mtumwa.

Angalia unachofanya sasa. Unaamka, unafungua simu, unapitisha picha za watu kwa kidole mpaka saa nne. Kisha unachora simba ambaye hujawahi kumwona. Unachora Mmasai anaruka huku jua linazama, kwa sababu mwaka jana mtalii alinunua mmoja. Unachora Mlima Kilimanjaro kutoka kwenye kalenda! Bei inashuka, mkono unazoea, moyo unalala. Na moyo uliolala kwenye kazi ya kunakili haushtuki wenyewe, mpenzi msomaji. Nimeona watu wenye vipaji wakizeeka hivyo.

Wewe mtoto wa Korogwe, nichoree mkonge hapa hapa, bila kutazama simu! Jani linatokaje kwenye shina? Mwiba wake uko wapi? Mkataji anasimama vipi anapoinama kulikata? Hujui. Umepita katikati ya mkonge tangu ukiwa mgongoni, na hujui!

Basi sikia ulichokuwa ukipita. Mwaka 1893 Mjerumani Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilisafiri baharini, ikanyauka, ikafa. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika na kupandwa karibu na Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62 ukaenea mkonge wa Tanga: Hale, Mnyuzi, Ngombezi, Magunga, mistari iliyonyooka mpaka inaumiza macho! Reli ikafika Korogwe mwaka 1902. Na nyuma ya reli wakaja watu, wakaja kwa maelfu, wakaja kutoka kusini na magharibi ya nchi, manamba, wakakata majani alfajiri, wakayafunga mizigo, wakayapeleka korona yakasagwe, na singa nyeupe zikaanikwa juani uwanja mzima.

Nani ameichora korona? Nani amechora kelele yake, maji yake ya kijani, harufu yake inayomfuata mtu mpaka kitandani? Nani amechora nyumba za kambi zilizobaki, na wajukuu wa manamba wanaozungumza Kisambaa zaidi kuliko lugha ya babu zao? Katika darasa lako mlikuwa wangapi mliotoka Tanga? Mmoja wenu amefanya?

Na hapa nataka utulie kidogo, maana ninakuja kwenye jambo linalonitetemesha.

Miongoni mwa waliokuja kufanya kazi kwenye mkonge wa Tanga alikuwemo kijana wa Tunduru, mzaliwa wa mwaka 1932. Jina lake Edward Saidi Tingatinga. Hakuvaa joho. Hakukaa mbele ya mwalimu wa rangi. Hakuandikiwa barua ya kuingia chuo chochote cha sanaa. Alitoka mkongeni akaenda Dar es Salaam, akafanya vibarua, na karibu na mwaka 1968 akachukua ubao laini, akachukua rangi za kupaka baiskeli, akaanza. Ndege, chui, kijiji, mti wenye matunda. Akaviuza Oysterbay, akawafundisha ndugu zake na jamaa zake, akachora tena.

Mwaka 1972 risasi ya polisi ilimuua kwa kudhaniwa mtu mwingine.

Hesabu! Miaka minne hivi. Ndiyo yote aliyopewa. Ndani ya miaka hiyo alianzisha uchoraji ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake, unaolisha mamia ya familia, unaotambulika Tokyo na Copenhagen. Angesema ngoja nipate turubai halisi, leo tusingemjua. Angesema ngoja nipate chumba chenye mwanga, leo tusingemjua. Angesema nitaanza mwakani, nikishatulia, leo tusingemjua! Hakujua ana miaka minne. Wewe unajua una mingapi?

Najua utakalonijibu: yeye mwenyewe alikwenda Dar! Ndiyo, alikwenda. Soko liko Dar, na sikukatazi kuuza Dar. Nenda Nafasi, kituo cha sanaa pale Mikocheni, onyesha kazi, kutana na wenzako, bishaneni mpaka usiku. Lakini mtu huuza alichonacho. Wewe umekwenda sokoni na kapu tupu, umekaa katikati ya soko unashangaa kwa nini hakuna anayesimama!

Sam Ntiro alifika mbali kuliko Dar. Alisoma Makerere, akasoma shule ya sanaa ya Slade, London, na baadaye akawa balozi wetu wa kwanza huko Uingereza. Alipopewa dunia nzima aichague, alichora nini? Machame! Migomba, mashamba, watu wakifanya kazi pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iko katika jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York. Elimo Njau wa Marangu alipopewa kuta za kanisa kule Murang'a, Kenya, alimchora Yesu Mwafrika, akamweka kwenye vilima ambavyo waumini walikuwa wakiviona kila wakitoka mlangoni.

Hao walijua kwao. Wewe unaona haya kusema unatoka Kwamsisi!

Ondoa haya! Ulifundishwa kwamba Picasso alikwenda jumba la Trocadéro, Paris, mwaka 1907, akasimama mbele ya vinyago vya Afrika, akatoka amebadilika. Uliandika hilo kwenye mtihani na ukapata alama. Je, uliwahi kuambiwa kuhusu vinyago vya udongo vya bibi yako?

Wazigua, Wanguu na Wasambaa walikuwa na vinyago vidogo vya udongo vya kuwafundishia wali. Kungwi aliumba, akavionyesha, akaviimbia, na kila kinyago kilikuwa na wimbo wake na fundisho lake: namna ya kuishi na mwenzio, namna ya kumtunza mzee, namna ya kutodharau. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, alivikusanya na kuvitolea kitabu London mwaka 1956. Viko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Unapita nje ya jengo hilo kwa daladala!

Mgeni aliviona. Mgeni alivikusanya. Mgeni aliviandika. Na wewe uliyetoka kwenye nyumba hiyohiyo unasema huna pa kuanzia?

Lakini nikuonye pia. Ukienda kwa hao bibi, usiende kama mwizi. Bisha hodi, amkia, kaa chini, saidia kuchambua mboga. Ya siri yao yaache yawe siri yao. Mengine watakupa wenyewe wakishaona hukuja na haraka ya kupiga picha na kuondoka. Na usinakili kinyago cha mwaka 1950, kwa sababu huko nako ni kulala! Tazama mikono yao inavyofinyanga, sikiliza sauti inavyopanda, kisha umba cha kwako.

Wahenga walisema udongo upatilize ungali maji. Makungwi wa Handeni waliokuwa wasichana Cory alipopita wamebaki wachache sana, na kila masika tunazika wengine. Wewe unasema utakwenda Desemba. Desemba utamkuta nani?

Nenda Chogo, wilayani Handeni, uone aibu ya kusahau. Kule wanaishi Wazigua ambao babu zao walichukuliwa kutoka pande hizi katika karne ya 19, wakauzwa, wakapelekwa mpaka bonde la Mto Juba, Somalia. Walinyang'anywa nchi, walinyang'anywa jina, walinyang'anywa jasho lao. Kizigua hawakukiachia! Zaidi ya miaka 100 walikizungumza ugenini, na vita vilipowafukuza mwaka 1991 baadhi yao waliikimbilia nchi ya mababu zao, na wenyeji wakawaelewa walipofungua kinywa. Waliopelekwa kwa minyororo hawakusahau. Wewe uliyekwenda chuoni kwa nauli ya mama yako unasahau kwa hiari?

Siwezi kuandika hili kwa utulivu.

Kipaji ni amana, ndugu yangu. Amana huulizwa. Hutaulizwa kwa nini hukuwa Picasso. Utaulizwa ulipewa jicho, ulipewa mkono, ulipewa Handeni, ukavifanyia nini!

Unataka vifaa? Handeni inapeleka mkaa Dar kwa magunia, nawe unalalamika kwamba penseli ya mkaa ni ghali! Okota kipande jikoni kwa shangazi. Udongo mwekundu uko mlangoni, chokaa iko dukani, majivu yako mafigani. Kanda, chuja, changanya, jaribu kwenye karatasi ya manila, jaribu kwenye kiroba cha unga kilichopasuliwa. Itapasuka, itafifia, itakunyima usingizi. Vizuri! Angalau utakuwa umekoseshwa usingizi na kazi.

Unataka hela? Andika vibao vya maduka pale Manundu. Chora kinyozi, chora fundi cherehani, chora mgahawa, chora kwa heshima kama unachora ukuta wa kanisa. Wengi walioshika brashi nchi hii walianza na kibao, na mtu wa Korogwe atakayepita hapo miaka 10 atakuwa anatazama mkono wako kila siku. Ni maonyesho gani yatakupa hilo?

Unaogopa watu watasema amesoma, amerudi kijijini, ameshindwa? Watasema! Watasema wiki ya kwanza, watasema wiki ya pili, na wiki ya tatu mmoja wao atakuja kusimama nyuma yako akuambie umekosea namna ya kumchorea ng'ombe wake pembe. Mshukuru. Hujapata mkosoaji wa namna hiyo chuoni.

Nisikilize basi, kwa maana muda wangu nawe unakwisha. Kuna njia mbili na unazijua zote. Moja ni ya kukaa, kupitisha kidole, kunakili, na kufikisha miaka 40 ukisema niliwahi kusomea sanaa. Nyingine inaanzia kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, kesho alfajiri. Chalinze, Mkata, Kabuku, Segera. Wa Handeni shuka Mkata, lami inakufikisha mpaka Chanika. Wa Korogwe endelea.

Usilale njiani! Kaa dirishani, fungua daftari kabla hamjavuka Wami, chora mkono wa kondakta, chora anayeuza machungwa pale Kabuku, chora vibaya, chora upesi, chora basi likitikisika! Na ukishuka usipitilize moja kwa moja kwenda kuoga na kuulizwa habari za mjini. Weka begi chini palepale stendi, mtafute mtu aliyekaa, mwamkie, muombe ruhusa, na uanze na uso wake.