Haki ya Kuunoa Wembe wa Kale

Mwaka 1849 Mwingereza John Ruskin alitoa hukumu kali juu ya ukarabati wa majengo ya kale: kulikarabati jengo ni kuliangamiza, kisha kuwadanganya watu kwamba bado lipo. Kwake yeye, uhai wa kazi unatoka katika mkono wa fundi aliyeifanya, na mkono huo ukishazikwa hakuna awezaye kuurudisha. Hoja hiyo naiheshimu sana. Lakini kipo kifaa kidogo kinachonilazimu kubishana nayo, nacho ni wembe wa kukunja wa karne ya 19, hasa ule uliofuliwa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza.

Wembe kama huo ukipatikana leo huwa umevaa kutu nyekundu bapa zima, makali yamemegeka hapa na pale, mpini umepasuka penye msumari. Ukiufuta kwa mafuta, karibu na mpini unaanza kusomeka mhuri wa fundi. Chini ya kutu kuna chuma cha pua kizuri ajabu. Benjamin Huntsman, mtengeneza saa, ndiye aliyebuni katika miaka ya 1740 njia ya kuyeyusha chuma hicho ndani ya vyungu vya udongo hadi kikawa sawasawa ndani na nje, na njia hiyo ikaujengea mji wa Sheffield jina.

Je, kuunoa wembe huu ni kuufufua, au ni kuughushi? Aristotle, alipoandika juu ya nafsi, alitoa mfano wa shoka: lingekuwa kiumbe hai, kule kuwa shoka kungekuwa ndiyo nafsi yake, na likiondokewa na hilo linabaki shoka kwa jina tu. Wembe butu nao ni wembe kwa jina. Hata methali yetu ya mtoto anayelilia wembe apewe haina la kufundisha kama wembe wenyewe haukati. Kwa hiyo anayeurudishia makali anaurudishia nafsi. Ruskin, hata hivyo, angejibu papo hapo: makali hayo ni yako, si ya fundi wa Sheffield.

Jibu langu limo katika umbo la wembe wenyewe. Unaponolewa hulazwa kwa bapa juu ya kinoo, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja. Unene wa mgongo ndio unaoamua makali yasimame kwa mwinamo gani. Mnoaji hakisii chochote. Na kwa kuwa mgongo hulika pamoja na makali, mwinamo ule unabaki karibu uleule miaka nenda miaka rudi. Maana yake fundi aliwawazia watu ambao hawajazaliwa. Alijua kazi yake haitakamilika karakanani, akaacha ndani ya chuma maelekezo ya kuiendeleza. Mwashi wa kanisa la kale hakuwaachia wajukuu zamu ya namna hiyo. Mnoaji anapoushika wembe, anapokea zamu aliyoachiwa kwa makusudi.

Zamu hiyo ina gharama. Makali hayapakwi juu ya chuma. Hupatikana kwa kuondoa, mpaka pande mbili zikutane na chuma kiishie hapo. Unaanza na kinoo cha namba 1000, unapanda hadi 8000, na wapo wanaomalizia kwa jiwe la manjano la milima ya Ardennes, Ubelgiji, lenye chembe ndogo mno za ganeti. Mwanzoni maji yaliyo juu ya kinoo hupita chini ya makali kana kwamba hayakuona kitu. Pande zikishakutana sawasawa, maji yanaanza kupanda juu ya bapa mbele ya makali, na mkono unahisi jiwe likiushika wembe kidogo. Baada ya hapo wembe hupitishwa juu ya kitani na ngozi, mgongo ukitangulia. Kila mara ya kunoa, wembe umepungua. Kuutunza ili utumike ni kuumaliza taratibu, na mtu asiyekubali hilo heri auache ndani ya kabati la kioo.

Penye mashine ya kung'arishia, Ruskin ana haki yote. Makali ya wembe ni membamba mno. Gurudumu linaloyasugua kwa kasi huyapasha moto kwa sekunde chache, ugumu aliouweka fundi ukapotea, na hakuna kinoo cha kuurudisha. Wembe unatoka uking'aa na haufai kitu. Mhuri nao umefutika, pamoja na mistari ya jiwe la kusagia. Wasagaji walioiacha mistari ile walivuta vumbi la mawe na chuma kutwa, na wengi walikufa mapema kwa maradhi ya mapafu. Kuifuta ili kifaa kipendeze machoni pa mnunuzi ni kuwakosea adabu. Vivyo hivyo mipini ya nyembe za fahari iliyochongwa kwa pembe za ndovu: Unguja ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya pembe katika karne ile, na pembe zilifika pwani kwa mabega ya watu. Ufa wa mpini kama huo nauacha ulivyo.

Ndiyo maana naitetea mipaka hii: kinoo kiguse kile tu ambacho fundi alikusudia kiguswe, yaani makali na mgongo. Kutu nyekundu inayoendelea kula iondolewe kwa mkono, kwa mafuta na msasa laini. Madoa meusi yaliyotulia yabaki.

Zipo nyembe ambazo hata hilo haliziwezi. Kutu ikishachimba vishimo hadi kwenye makali, kila tabaka unaloondoa linafunua kishimo kingine, na unaweza kuumaliza wembe mzima ukitafuta chuma kizima. Wembe wa namna hiyo hupakwa mafuta na kuachwa. Uamuzi huo ni wa kufanywa kwa kioo cha kukuzia, wembe ungali mkavu, kabla haujagusa jiwe hata mara moja.