Mtoto na Sheria
Twauliza: mtoto hufundishwa nini juu ya sheria? Aghalabu huikariri mihimili mitatu ya dola, akapata alama zake, yakaisha. Kesho yake yasikika kelele ya "Mwizi!" sokoni, naye aokota jiwe pamoja na wenzake. Je, huyo amefundishwa?

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Neno hilo si la mahakimu peke yao. Anayepigwa njiani hadi kufa hakusikilizwa, hakuleta shahidi, wala hana rufani. Akionekana baadaye kuwa hakuiba, nani atamrudishia uhai?

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi waalimu na wawapeleke wanafunzi wakubwa wakasikilize kesi, waone jinsi hata mtu anayechukiwa na wote apewavyo nafasi ya kujitetea. Nasi wazazi yatupasa kuanza nyumbani: kikombe kikivunjika, tuulize kwanza, ndipo tuadhibu. Mtoto aliyesikilizwa atajua kusikiliza wengine.