Nani "Sisi"? Njoro na Misingi ya Saikolojia ya Jamii

Saikolojia ya jamii husimuliwa kuwa ilizaliwa Swampscott, Massachusetts, mwezi Mei 1965, pale wanasaikolojia wa Marekani walipokiri kwamba kumtibu mtu mmoja mmoja chumbani, kisha kumrudisha katika mtaa uleule uliomtia ugonjwa, ni kazi isiyo na mwisho. Mwaka 1974 Seymour Sarason aliipa taaluma hiyo dhana yake kuu: hisia ya mtu kwamba yeye ni sehemu ya jamii anayoitegemea nayo inamtegemea. Kwa msomi wa Kiafrika dhana hii haina ugeni. Mtu ni watu, wasema Waswahili. Na John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969, alikwisha kueleza kwamba mtu yupo kwa sababu wenziwe wapo. Hata katika tiba Afrika haikusubiri Swampscott. Kule Aro, Abeokuta, tangu miaka ya 1950, Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa wa akili katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao, wakatibiwa huku wakiishi.

Aghalabu hoja huishia hapo, kwa fahari. Ni hoja ya kweli, ila imeridhika mapema mno. Anayeitamka akiwa Njoro halina budi kumkabili swali la pili: hao "watu" wanaomfanya mtu kuwa mtu ni akina nani?

Njoro si kijiji cha ukoo mmoja. Yalikuwa malisho ya Wamaasai, na msitu wa Mau ulio juu yake ulikuwa makao ya Waogiek, kabla Lord Delamere hajajaribu kulima ngano huko mwanzoni mwa karne ya 20. Mashamba ya walowezi yalileta vibarua kutoka pembe nyingi. Uhuru ukaleta wanunuzi wa ardhi. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939, kimezungukwa na Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Waluo, Wakisii na Waturkana wanaouziana viazi na maziwa, na ambao watoto wao huketi dawati moja. Hata hivyo machafuko yaliwaka upande wa Molo mwaka 1992, Njoro kwenyewe Januari 1998, na eneo zima baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ni kosa kudhani kwamba waliochoma nyumba walipungukiwa na hisia ya jamii. Walikuwa nayo tele. Walikwenda pamoja, kwa jina la "sisi".

Hapo ndipo ubishi wa Ifeanyi Menkiti na Kwame Gyekye unapotoka darasani. Menkiti, mwaka 1984, alishikilia kwamba utu hauzaliwi nao bali hupatikana, na jamii ndiyo inayomkuza mtu hadi aufikie. Gyekye alimjibu kwamba mtu ana thamani na haki zisizongoja idhini ya jamii. Kwa msomaji wa Njoro, jibu la Gyekye lina uzito zaidi, kwa kuwa kinachotolewa na jamii kinaweza pia kunyang'anywa na jamii. Isitoshe, Kenya inakumbuka kwamba kuitibu jamii nzima kunaweza kuwa jina jingine la kuitawala. Mwaka 1954 Daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuisimamia hospitali ya Mathari, aliiandikia serikali ya kikoloni taarifa juu ya saikolojia ya Mau Mau, akiuunga mkono mpango wa kuwakusanya Wakikuyu katika vijiji vipya. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa humo, chini ya ulinzi. Nayo hiyo iliitwa tiba.

Riwaya imeliona tatizo hili kwa uwazi kuliko taaluma. Katika Chozi la Heri (2014), Assumpta K. Matei hakumpa Ridhaa adui kutoka mbali. Anayewaongoza wachomaji wa nyumba yake ni Mzee Kedi, jirani. Ridhaa ni daktari, mtu aliyewahudumia hao hao walio karibu naye. Huduma hiyo haikumwondolea jina la mgeni. Wahakiki wengi huisoma riwaya hii kama kilio dhidi ya ukabila, na si vibaya. Lakini uchungu wake mkubwa uko katika ujirani: Kedi anamjua Ridhaa. Kujuana, ambako Sarason na Mbiti wanakuegemea, hakukutosha.

Je, msingi utupwe? La. Unahitaji kuhamishwa kutoka ukoo hadi ujirani, yaani uhusiano wa watu wasioshiriki damu wala asili bali kisima, soko na barabara. Huo ni utu usiouliza kwanza mtu alitoka wapi. Mwezi Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani ili kuwaondoa waliohamishwa katika kambi na kuwarejesha mashambani. Malori yanaweza kumshusha mtu langoni pake. Mshauri atakayemfuata huko akiwa na daftari lake atamkuta katika ua mmoja, na ng'ambo ya ua huo yumo mwingine, ambaye naye hulala vibaya, na ambaye hakuna aliyempeleka kwa mshauri yeyote. Kama mgonjwa ni jamii, hawezi kumwita mmoja tu kati yao.