Kilio Tulichokizoea

Andiko la kusoma nyumbani: 1 Samweli 3:1–10

Wengi wenu mnanijua kama yule mhudumu wa mlangoni, wa kuwaonyesha viti. Siku za kazi nafagia na kupiga deki katika karakana moja ya ndege pale Wilson. Kutoka Laini Saba naenda kwa miguu tu. Sisi wa Kibera tumezizoea zile ndege ndogo, zinapita juu ya mabati na mtoto aliyelala hata hageuki. Leo nawaandikia juu ya kitu nilichokiona kazini, kwa sababu kimenirudisha kwenye jambo nililolibeba miaka mingi bila kulisema kanisani.

Kulikuwa na ndege ya watu wawili ambayo mwenyewe aliijenga kwa mikono yake, kipande kwa kipande. Msishangae. Wengi mnamkumbuka Gabriel Nderitu wa Nyeri, aliyeonekana kwenye habari akijaribu kurusha ndege aliyojitengenezea nyumbani. Hii nayo mwili wake ulikuwa wa faiba. Fundi akaingia ndani, akabonyeza kitufe cha redio ili aongee. Mara taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzima, na kule mkiani kisanduku cha rangi ya machungwa kikaanza kulia.

"Mzee, hiki kinadhani tumeanguka," akaniambia akicheka.

Akanieleza. Kile kisanduku kazi yake ni kulia kwa niaba ya watu wasioweza kulia. Ndani yake kuna swichi inayohisi kishindo. Ndege ikianguka, kinaanza chenyewe kupaza sauti ya redio. Vile vya zamani hulia kwenye masafa ya 121.5, na vya sasa hutumia 406 ambayo setilaiti huisikia na kuwapasha habari waokoaji. Lakini wakati mwingine hulia bure. Katika ndege ya bati, ule mwili wa chuma huzuia mawimbi ya redio. Katika ndege ya faiba au mbao hakuna cha kuyazuia. Waya wa kile kisanduku ukipita karibu na antena, unaweza kunasa nguvu za redio ya ndege hiyo hiyo, na kisanduku kikadhani kimeamriwa kulia. Yaani rubani anasema tu "habari za asubuhi", na maneno yake mwenyewe yanaamsha kilio cha kifo.

Fundi alikizima. Halafu, badala ya kuendelea na kazi, akachukua simu na kutoa taarifa kwamba mlio ule umetoka kwetu na hakuna aliyeumia. Nikamuuliza, mbona unapiga simu na umeshazima? Akanijibu, "Kwa sababu pengine kuna mtu ameshaanza kututafuta."

Neno hilo lilinikalia kifuani wiki nzima.

Kwa nini vitu hivi viliwekwa kwenye ndege? Mwaka 1967 kule Marekani, familia ya watu watatu ilianguka na ndege ndogo katika milima ya California. Walitafutwa, hawakuonekana. Mabaki yalipopatikana miezi kadhaa baadaye, maandishi waliyoyaacha yalionyesha kwamba walikaa hai pale karibu miezi miwili, wakingoja. Baada ya hapo sheria ikatungwa kwamba ndege zibebe kitu cha kuwalilia watu wa aina hiyo. Mwaka 1982 setilaiti zikaanza kusikiliza, na Septemba ya mwaka huo huo watu watatu wakaokolewa kule Kanada kwa sababu ya mlio huo. Na sisi hapa Kenya tunajua kungoja. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale kuja Nairobi ilipotea ikiwa na watu 10. Mabaki yake yalipatikana milima ya Aberdare tarehe 7. Hakuna aliyesalimika. Fikiria tu zile siku mbili kwa mama au ndugu wa mmoja wao.

Sasa swali langu, na ndilo ninalotaka tulijadili kwenye vikundi vya nyumbani: kilio ambacho mara nyingi kimekuwa cha bure, bado kinatudai kitu?

Shuleni tulisoma hadithi ya mvulana mchungaji aliyepiga nduru ya uongo, hata siku mnyama alipokuja kweli hakuna aliyekwenda. Mwalimu alitufundisha tusiwe kama yule mvulana. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza juu ya kondoo. Kondoo hawakudanganya mtu. Wanakijiji walimwadhibu mwongo, na walioliwa ni wengine.

Nawaambia hivi kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wanakijiji.

Miaka hiyo nilikuwa naishi Kawangware, upande wa Gatina, kwenye ploti ya milango kumi na miwili. Mlango wa nne alikaa jirani na mkewe na mtoto wao mdogo. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na vita. Mara ya kwanza mama yule alipopiga nduru, tulitoka wanaume watatu. Mume akatutukana, na mama mwenyewe akatuambia, "Kwani nimewaita?" Mara ya pili, vile vile. Mara ya tatu mtu akasema, waacheni na ndoa yao. Mwishowe ikawa wakianza, kila mlango unaongeza sauti ya redio.

Usiku mmoja mama yule akalia. Mke wangu akaniamsha. "Baba, leo sauti si ile."

Nikamwambia, "Ni wale tu. Lala."

Mume hata hakuwepo, alikuwa kazini zamu ya usiku. Stovu ilikuwa imeanguka, na maji ya moto na mafuta ya taa vikamwagikia mtoto. Aliyeingia ni kijana wa nduthi aliyekuwa akipita njiani. Hakumjua mtu yeyote katika ploti ile, na ndiyo maana alisimama: masikio yake yalikuwa bado hayajazoea. Akambeba mtoto na mama yake mpaka hospitali. Mimi nilitoka nje niliposikia pikipiki ikiwaka.

Mtoto aliishi. Miaka mingi baadaye nilikutana naye stendi ya 46, kijana mrefu kunipita. Alinisalimia kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi, kwa sababu ule wa kulia haunyooki. Nikamwambia hakuna shida. Nikapanda matatu, na nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa hadithi ya mchungaji. Nilisema moyoni, yule mama alilia bure mara nyingi, angefanya nini mtu? Lakini kile kisanduku cha Wilson kiliniondolea utetezi huo. Kilipolia hakikudanganya. Kitu fulani kilikigusa, na hakina njia nyingine ya kusema kimeguswa ila kulia. Na yule mama? Zile nduru za mwisho wa mwezi nilizoziita za bure, je, hakuwa akipigwa kweli? Alikuwa akipigwa. Alitufukuza kwa sababu sisi tungerudi kulala na yeye angebaki mle ndani. Kwa hiyo sikuwahi kusikia kilio cha uongo kutoka mlango wa nne hata siku moja. Nilisikia vilio ambavyo sikujua la kufanya navyo, nikavipa jina la uongo ili nipate usingizi.

Najua mtu atasema: ndugu, hatuwezi kukimbilia kila kelele. Ni kweli. Tena katika mitaa yetu kukimbia tu kuna hatari yake. Mtu anapiga kelele "mwizi!", na kabla ya yeyote kuuliza, mtoto wa mtu ameshavalishwa tairi. Huko nako ni kuitikia kilio bila kukisikiliza. Basi anayelala na anayekimbia na jiwe mkononi wana kosa moja: wote wawili hawakuuliza.

Hata wenye setilaiti walichoka. Milio ya bure kwenye 121.5 ilikuwa mingi mno, na tarehe 1 Februari 2009 setilaiti ziliacha kuisikiliza. Je, walikosa? Nimelifikiria sana, naona hawakuziba masikio. Ule mlio wa zamani haukuwa na jina. Ulisema tu "kuna mtu", bila kusema nani. Ule wa 406 hubeba namba yake, na mwenye ndege akijiandikisha, waokoaji wanajua ni ya nani. Ukisikika, wanaweza kwanza kumpigia simu mwenyewe au nyumbani kwake: uko wapi, uko salama? Simu moja inatosha kutenga kishindo cha kweli na cha bure. Dawa ya milio mingi ilikuwa kumjua anayelia.

Sasa rudini kwa Eli. Samweli alimwamsha mzee usiku, "Nimekuja, umeniita." Eli hakuwa amemwita, akamwambia arudi kulala. Mara ya pili, hivyo hivyo. Kwa hesabu za kibinadamu, hiyo ni milio miwili ya bure. Lakini Eli hakumkemea mtoto, wala hakufunga mlango. Mara ya tatu akajiuliza kama labda asiyeelewa ni yeye, na hapo ndipo akatambua kwamba ni Bwana anayemwita kijana. Mzee aliyekuwa amepungukiwa nguvu za macho alibakisha sikio. Mimi nilikuwa na macho mazima, nikasema lile neno la kwanza la Eli, "lala", na sikufika kwenye lile la tatu.

Naomba tufanye mambo matatu.

La kwanza, jueni majina. Serikali ilituletea Nyumba Kumi, tukaidhani ni ya polisi tu. Uwe na namba ya simu ya kila mlango kwenye laini yako. Ukisikia sauti usiku, piga simu au gonga. Na kama ni vita vya nyumba, usiende peke yako, na usirudi kulala mpaka umejua yule mama atalala wapi.

La pili, ukilia bure, sema. Fanya kama yule fundi. Tumetuma kwenye WhatsApp za kanisa habari za watoto kuibwa, na tukigundua si kweli tunanyamaza kwa aibu. Rudi kwenye kikundi kile kile useme, "Ni mimi, nilikosea." Ukinyamaza, kuna mzazi anaendelea kutafuta, na siku ya ukweli hatakuamini.

La tatu, sikiliza kabla ya kuzima. Fundi aliniambia marubani waangalifu, kabla ya kuzima injini, hufungua redio kwenye 121.5 wasikie kama kisanduku chao wenyewe kinalia. Ni kujichunguza. Na hapa nitasema neno gumu kidogo, wachungaji wanisamehe. Usiku wa kesha tunageuza spika zetu zielekee barabarani. Tunamlilia Mungu atusikie, na wakati huo jirani akilia mlango wa pili hakuna anayemsikia. Bwana wetu pale Yeriko alisimama kwa ajili ya kipofu ambaye wengi katika umati walimwambia anyamaze. Umati ule ulikuwa ukimfuata Yesu. Tuupunguze ule mlio.

Mama wa yule mtoto nilimtafuta, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Baba, hata mimi ningechoka." Sijui kama huo ni msamaha. Nimeupokea hivyo ulivyo. Kijana mwenyewe bado sijamwambia. Kabla ya mwezi kwisha nitakwenda Kawangware kumwambia, na nimeliandika hapa ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Tuombe: Bwana, wewe huchoki kusikia. Usituache tuyazoee machozi ya wenzetu. Amina.