Walimu Wawili Katika Theluji



Sisi tuliofundisha, hata tukistaafu, hatuachi kujiuliza kama tuliwatendea haki watoto tuliokabidhiwa. Ndiyo maana habari hii ya zamani ya Marekani hainitoki moyoni.

Tarehe 12 Januari, 1888, huko Nebraska na Dakota, kulikucha na vuguvugu, na watoto wengi wa wakulima wakaenda shule bila makoti mazito. Mara dhoruba ya theluji ikawashukia. Theluji ilikuwa laini kama unga, ikivumishwa na upepo hata mtu asione hatua chache mbele yake. Shule zilikuwa za chumba kimoja, pweke mbugani, na mara nyingi mwalimu alikuwa msichana tu. Angemwuliza nani shauri? Wako waliokaa na watoto ndani usiku kucha, wakapona. Hata hivyo, waliokufa katika dhoruba ile hukisiwa kuwa watu 235, na wengi wao walikuwa watoto.

Walimu wawili hawakuweza kubaki ndani. Shule ya Minnie Freeman iling'olewa paa na upepo. Akawaongoza watoto zaidi ya kumi mpaka nyumba ya mkulima, wote wakafika salama, na wimbo ukatungwa wa kumsifu. Lois Royce aliishiwa na cha kutia jikoni. Akatoka na watoto watatu kwenda nyumba alimopanga, ambayo ilikuwa karibu sana, lakini wakapotea. Alilala nao juu ya theluji akiwakumbatia, nao wakafa usiku ule mmoja baada ya mwingine. Yeye aliishi, ila miguu yake ilikatwa.

Je, wa kwanza alikuwa na hekima na wa pili mpumbavu? Tusiharakishe kujibu. Kila mmoja aliona kwamba kubaki ni hatari, kila mmoja alitoka pamoja na watoto wake. Kilichowatenga ni upepo na giza, ambavyo havikuwa chini ya amri yao.

Mtu atasema: "Kama ni hivyo, basi mzembe naye atajificha nyuma ya nia njema." La, hasha. Mzembe hafikiri kabla ya kutenda, wala hakubali kuumia pamoja na wale anaowaongoza. Haki ni kuuliza: Saa ile alijua nini? Naye alijitoa kiasi gani?

Gazeti moja la Omaha lilikusanya michango kwa ajili ya mashujaa wa dhoruba ile. Aliyewaokoa wote alipewa, na aliyewapoteza wote watatu alipewa pia. Naona wachangaji wale walipima sawasawa.

Basi, tumwonapo mzazi, mwalimu au muuguzi ambaye jambo limemharibikia mikononi, tusianze kwa kumnyoshea kidole. Tuketi naye kwanza, tumsikilize.