Gari Limepona, Hadi Kitonga

Kuna ubovu wa injini unaowasaidia watu kusema kweli. Mkanda ukikatika, umekatika. Oili ikimwagika chini ya gari, hakuna wa kubisha. Mwenye gari anauliza bei, fundi anaitaja, kazi inaanza. Lakini ubovu unaokuja na kuondoka ni jambo jingine kabisa. Huo humpa kila anayehusika nafasi ya kusema lisilo kweli bila kuonekana mwongo. Muuzaji anasema gari halina tatizo, fundi anasema amelitengeneza, na mwenye gari anawaahidi wanawe kwamba safari hii tutafika.

Magari yaliyogeuzwa kuwa nyumba za safarini hupatwa sana na ubovu wa namna hii. Chukua HiAce ya petroli iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika. Viti vya nyuma vimetolewa, kimewekwa kitanda, kabati, jiko la gesi, tangi la maji, na betri ya pili ya kuendesha friji na taa. Gari hilo limebeba mzigo hata kabla abiria hawajapanda. Nyaya zake zimeongezwa na mtu asiyekuwa na mchoro wa kiwandani, na kila kiungo alichokifunga ni mahali ambapo athi inaweza kushika kutu au kulegea. Injini yenyewe iko chini ya viti vya mbele, imebanwa, na joto lake halina njia pana ya kutokea. Halafu gari linakaa. Msimu wa safari ukiisha linaegeshwa uani kwa miezi, petroli ikiwa nusu tangi. Usiku hewa iliyo juu ya mafuta inapoa, unyevu wake unageuka matone kwenye kuta za tangi, na kama tangi ni la chuma, kutu inaanza taratibu pasipo mtu kuiona.

Msimu ukirudi, familia inatoka Dar es Salaam kwenda Hifadhi ya Ruaha. Morogoro gari liko sawa, Mikumi liko sawa. Baada ya Ruaha Mbuyuni barabara inaanza kupanda mlima wa Kitonga, na katikati ya kona zile, malori yakiwa nyuma na mbele, injini inaishiwa nguvu. Unakanyaga mafuta haliitikii. Linakohoa, linazima. Watu wanashuka, wanaweka matawi barabarani, wanasubiri. Baada ya muda dereva anapiga stata na injini inawaka kama kwamba hakuna kilichotokea.

Kesho yake, kwenye gereji ya Iringa, injini inanguruma vizuri kwenye sailensa. Fundi anapiga resi, anasikiliza, anatikisa kichwa. Anafungua plagi na kuziona zimechoka, kwa sababu plagi za gari la zamani aghalabu huwa zimechoka. Zinabadilishwa, gari linatembea wiki kadhaa kwenye barabara tambarare, na wote wanakubaliana kwamba limepona. Likizima tena, koili zinabadilishwa. Likizima mara nyingine, ni zamu ya pampu ya mafuta, na hapo linakaa sawa kwa miezi mingi. Sasa kila mmoja ana uhakika kwamba tatizo lilikuwa pampu. Kisha unakuja mlima mwingine.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu chanzo chake kinajulikana vizuri na mafundi waliokwisha kukutana nacho. Ndani ya tangi mna kutu na uchafu. Pampu inapovuta kwa nguvu, kama injini inavyodai mlimani, uchafu unakwenda kuganda kwenye chujio dogo lililo mdomoni mwa pampu, na petroli inapungua hadi injini inazima. Pampu ikisimama, mvuto unakwisha, uchafu unadondoka chini, na mafuta yanapita tena. Ndiyo maana kusubiri kulisaidia. Pampu mpya nayo ilisaidia, kwa kuwa mara nyingi huja na chujio jipya, na chujio safi huchukua muda kuziba. Plagi hazikusaidia chochote; zilipewa sifa kwa sababu tu zilibadilishwa wakati ubovu ulipokuwa umepumzika.

Hapa ndipo suala la maadili linapoingia, na linaingia mapema kuliko tunavyodhani. Fundi aliyebadilisha plagi hakuiba. Plagi zilikuwa zimechoka kweli, na kazi aliifanya. Tatizo liko kwenye sentensi aliyoisema baada ya kazi. Kusema “nimebadilisha plagi” ni kutaja jambo alilolifanya. Kusema “limepona” ni kutoa ushahidi juu ya jambo ambalo hajalishuhudia, kwa sababu hakuliona gari likizima na wala hakulirudisha mlimani kuona kama litazima. Kati ya sentensi hizo mbili kuna nafasi ndogo sana, na humo ndimo ubovu unaorudi hujificha.

Taiichi Ohno, mhandisi anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa mfumo wa uzalishaji wa Toyota, alieleza jambo hili katika kitabu chake kilichotoka kwa Kijapani mwaka 1978. Mfano wake ni huu: mashine ya kiwandani imesimama. Kwa nini? Fyuzi imeungua kwa kuelemewa. Kwa nini ilielemewa? Beringi haikupata oili ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya oili haivuti vizuri. Kwa nini? Mhimili wake umelika. Kwa nini umelika? Hakukuwa na chujio, vumbi la chuma likaingia. Anayeishia kwenye swali la kwanza atabadilisha fyuzi, mashine itawaka, naye atashukuriwa. Baada ya miezi kadhaa ataitwa tena kuweka fyuzi nyingine. Ohno alitaka swali liulizwe mara tano. Idadi yenyewe haina uzito mkubwa. Uzito uko katika kukubali kwamba mashine kuwaka si jibu la swali.

Kwa HiAce yetu kuuliza huko kuna zana zake, wala si za ajabu. Fundi anafunga geji ya kupima presha ya petroli, anaipitisha mpaka mahali ambapo anaweza kuiona akiwa ndani ya gari, kisha gari linapelekwa mlimani likiwa na mzigo wake wote. Injini ikizima huku presha ikiwa imesimama pale pale, petroli haina lawama. Atafute kwenye umeme, koili au sensa inayochoka ikipata joto. Presha ikianguka kabla ya injini kuzima, plagi na koili zimeondoka kwenye orodha ya washukiwa. Hapo anapima umeme unaofika kwenye pampu wakati inafanya kazi. Umeme ukiwa pungufu, anafuata waya na athi. Ukiwa kamili, anafungua tangi. Kila kipimo kinaikata orodha, na hakuna kitu kinachonunuliwa hadi hapo.

Ni nani, basi, atakayelipia siku hiyo ya vipimo? Sisi wenye magari tumezoea kulipia spea. Kitu kipya kilichotoka ndani ya boksi tunakishika mkononi, na cha zamani tunakabidhiwa kikiwa kimefungwa kwenye gazeti. Mtu akishinda na gari letu kutwa nzima, akarudi na kusema, “Nimegundua kwamba si koili, lakini bado sijajua ni nini,” wengi wetu tunaona hajafanya kazi, tunampa nauli na kuhamia gereji ya jirani. Kumbe ametupa kitu cha thamani: ameondoa kosa moja ambalo tungelinunua kesho. Tukikataa kulipia neno “sijajua bado,” tunamlazimisha fundi atuuzie “nimejua” isiyo ya kweli. Kubahatisha kwa mafundi tunakokulalamikia, sehemu yake tumekufundisha sisi wenyewe kwa namna tunavyolipa.

Zipo hila mbaya zaidi, ambapo hata kubahatisha hakupo tena ila kuficha. Injini inachemsha, fundi anang’oa thamostati na kusema nchi yetu ni ya joto, haina kazi. Rejeta iliyoziba inabaki imeziba. Kilichopotea ni kifaa kilichokuwa kikiifikisha injini kwenye joto linalotakiwa, na sasa inakula mafuta zaidi. Taa ya injini inawaka, mtu anaondoa balbu yake au anafuta kodi za hitilafu zilizo kwenye kompyuta ya gari dakika chache kabla mnunuzi hajafika.

Kompyuta ya gari, kwa upande wake, ina adabu tunayoweza kujifunza. Katika mfumo wa gari kujichunguza uitwao OBD-II, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari madogo kuanzia modeli za 1996, hitilafu nyingi hazionyeshwi kwa mara ya kwanza. Kompyuta huiandika pembeni kama tuhuma, ikasubiri kuiona tena katika safari inayofuata ndipo iwashe taa. Hitilafu isipojitokeza katika safari 3 mfululizo zilizoipima, taa huzimwa, lakini kodi hubaki kwenye kumbukumbu mpaka injini ipate moto na kupoa mara 40 bila kosa hilo kurudi. Na aliyezifuta kodi kwa mkono hujulikana, kwa kuwa kufuta huko hufuta pia alama zinazoonyesha kwamba uchunguzi umekamilika. Mnunuzi anayejua kusoma mashine ataona gari linalodai halina kosa hali halijajichunguza. Hivyo chombo hiki hakihukumu kwa tukio moja, wala hakiharakishi kutangaza kwamba mambo yamekwisha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwa gari la namna hii urefu wake ni kutoka gereji mpaka kwenye mteremko wa kwanza unaogeuka kuwa mpando.

Mtihani mkubwa kuliko yote huja siku ya kuuza. Ubovu umelala, mnunuzi ameridhika na kitanda na jiko, na anauliza swali moja: “Lina shida yoyote?” Fiqhi ya Kiislamu imelifikiria swali hili kwa makini, ikampa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu akigundua aibu, yaani kasoro, iliyokuwapo kabla ya kuuziana. Haikuacha mzigo wote kwa jicho la mnunuzi, kwa sababu kuna aibu ambazo jicho haliwezi kuziona na anayezijua ni mmoja tu. Muuzaji anayejibu “leo liko sawa” amesema neno la kweli kwa kusudi la kudanganya.

Jibu lililo safi linachosha kulitoa, na huenda lisifupishike: gari huzima kwenye mlima mrefu likiwa na mzigo, tumebadilisha plagi, koili na pampu, presha ya petroli haijapimwa mlimani, tangi halijafunguliwa. Maneno hayo yakiandikwa kwenye karatasi, fundi atakayefuata ataanzia pale mwenzake alipoishia badala ya kununua plagi upya. Mnunuzi naye atashusha bei, na ana haki ya kufanya hivyo. Kiasi kitakachopungua si hasara aliyosababishiwa muuzaji na uaminifu wake. Ni gharama ya ubovu uliokuwamo ndani ya gari tangu mwanzo, na kilichoamuliwa kwa karatasi ile ni kwamba hatabebeshwa mtu asiyeujua.