Jina Ukingoni

Mpe mkusanyaji medali ya kale ya jeshi la Uingereza uone atakavyoishika. Sura ya malkia ataipita tu. Ataigeuza ubavu, aisogeze kwenye mwanga, asome ukingo. Huko kumeandikwa namba ya askari, cheo, jina na rejimenti, kwa herufi ndogo zilizobanwa kwenye unene wa fedha. Mtindo huo ulishika kasi na medali ya Waterloo ya 1815, iliyotolewa kwa jenerali na askari wa kawaida sawasawa, kila moja na jina la mwenyewe.

Chukua medali ya Afrika Kusini ya vita vya 1877 hadi 1879. Nyuma yake simba ameinama mbele ya kichaka, na chini yake pana ngao ya Kizulu na mikuki iliyopishana. Askari wa Rejimenti ya 24 aliyeuawa na Wazulu kwenye mapigano ya Isandlwana tarehe 22 Januari 1879 alitolewa medali hiyo, na aliyebaki koloni la Natal bila kuvuka mpaka wa nchi ya Wazulu naye aliipata, ila ya kwake haina kipande chenye mwaka wa vita kinachofungwa kwenye utepe. Fedha ni ileile, simba ni yuleyule, lakini mnadani bei zake hazikaribiani hata kidogo. Ya marehemu hugombaniwa. Ya yule aliyerudi kwao salama, akaoa, akazeeka, huondoka kwa bei ya kawaida. Na marehemu mwenyewe hakuwahi kuivaa.

Hapo ndipo ninaposita. Wakusanyaji husema wanaokoa majina yasipotee, nami nawaamini. Wapo wanaopekua rejista za malipo mwaka mzima kwa ajili ya kijana mmoja asiyewahusu kwa damu. Soko, hata hivyo, linalipia kifo chake kuliko maisha yake. Matapeli wanalijua hilo vizuri. Huchukua medali ya kawaida, wakaupiga ukingo tupa hadi jina la zamani lifutike, kisha wakachonga la mtu aliyeuawa. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hutembea na kipimo: medali yenye upana wa milimita 36 ikipigwa tupa hupungua, hata kama ni kwa unywele. (Sijui nani anaheshimu jina zaidi, anayelilipia au anayelighushi.)

Na wenye ile ngao? Jeshi la Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, lilishinda siku ile ya Isandlwana, na likapoteza watu wanaokadiriwa kuzidi elfu moja. Kwenye medali wamo kama pambo. Majina yao, yaliyosalia, yako kwenye koo zao, na huko hakuna mnada.

Kwetu Afrika Mashariki, suala la jina kwenye medali lina sura nyingine. Askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, walipelekwa kupigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, na nyota walizopewa wapiganaji wa huko, Uingereza kwa kawaida ilizitoa bila kuchonga jina. Inapokaa sandukuni kwa familia, nyota hiyo ina mwenyewe, kwa kuwa yupo bibi anayeweza kusema ilikuwa ya nani na alirudi na kilema gani. Mjukuu akiipeleka kwa dalali, ataulizwa karatasi. Asipokuwa nazo atalipwa bei ya nyota tupu, kwa sababu babu yake hayumo.